Kuchagua bastola ya kubeba kila siku: anzia kwenye risasi, malizia kwenye jina

Mtu akianza kufuatilia leseni ya bastola, swali linalomtoka mapema ni "ninunue ya aina gani?" Hilo ni swali la nne. La kwanza ni risasi ipi utaipata mwaka huu na miaka mitano ijayo. La pili ni mkono wako. La tatu ni nguo unazovaa kwenye joto la Kigoma. Ukiyajibu matatu hayo bila kujidanganya, mezani zitabaki bastola mbili au tatu, na jina litajileta lenyewe. Wanaoanzia kwenye jina ndio wale ambao baada ya miezi sita "mguu wa kuku" wao umelala kabatini: ni mzito, unachoma mbavu, au risasi zake hazionekani madukani.

Maelezo haya yamelenga mtu wa Mwanga, Ujiji au Kibirizi anayefunga hesabu jioni na kutembea na fedha, au anayetoka alfajiri kwenda kununua dagaa. Wa Kasulu na Uvinza watayatumia vilevile, wakizingatia vumbi na chumvi, ambavyo tutavigusa mbele.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya chuma

Sheria inayotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Umri wa chini ni miaka 25, na unatakiwa kuthibitisha kwamba unajua kuitunza na kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia mtaani au kijijini kwako, yanapanda hadi polisi. Utaratibu wa sasa na ada zake kaulize kituo cha polisi cha wilaya. Usimuulize rafiki aliyepata leseni miaka kumi iliyopita.

Kwa upande wa uchaguzi, kumbuka kwamba leseni inafungwa na silaha moja yenye aina, kaliba (kipimo cha risasi yake) na namba zake. Ukigundua baadaye kwamba umekosea kaliba, huendi dukani kubadilisha kama kiatu kilichobana. Unaanza upya. Ndiyo maana hatua ya 2 mpaka ya 4 zifanyike kabla hujalipa chochote.

Mambo mawili ya huku kwetu. Leseni ya Tanzania inaishia kwenye maji ya Tanzania: ukipanda boti kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura, bastola inabaki nyumbani kwenye sefu. Hali kadhalika Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, na silaha haiingii humo bila kibali cha hifadhi yenyewe. La pili ni bastola "ya bei nzuri" iliyovuka ziwa usiku. Ukiacha kifungo, hujui imefanya nini kabla ya kukufikia. Risasi iliyotolewa kwenye mwili wa mtu Uvira inaweza kulingana na mtutu ulio kiunoni mwako.

Hatua ya 2: Risasi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, umuulize maswali matatu: kaliba gani unayo leo, gani huwa nayo karibu kila mara, na gani huagizwa kwa mtu mmoja mmoja? Waulize wawili au watatu, hata kama itabidi upige simu Mwanza au Dar es Salaam. Majibu yatafanana: 9×19 ndiyo ya kawaida, nyingine ni za kubahatisha. Bastola nzuri isiyo na risasi ni jiwe la gharama.

Kabla ya kwenda mbali, tofautisha "tisa" na "tisa". Watu husema "bastola yangu ni nainmilimita" wakidhani wamemaliza. Zipo risasi tatu zinazoitwa hivyo, na haziingiliani. Chukua risasi moja, igeuze, usome herufi zilizogongwa kwenye kitako cha ganda, kuizunguka fataki, ile sarafu ndogo ya shaba au fedha iliyo katikati. Ukikuta 9mm LUGER, 9×19 au 9mm PARA, hiyo ndiyo tisa ya kawaida. Ganda lake lina urefu wa milimita 19. Ukikuta 380 AUTO, 9mm KURZ, 9mm CORTO au 9mm SHORT, ni ile fupi ya milimita 17. Ukikuta 9mm MAK au 9×18, ni ya Makarov, na kichwa chake, kile kipande kinachoruka, ni kinene kidogo: milimita 9.27, wakati zile mbili zina kama 9.02.

Zikichanganywa inakuwaje? Ile fupi ikiwekwa kwenye bastola ya 9×19 inaweza kulipuka, lakini ganda linacheza ndani ya chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), linaweza kupasuka, na bastola haitajikoki tena. Ile ndefu kwenye bastola ya ile fupi haifungi chemba, na ukiilazimisha kwa kupiga slaidi, kile kifuniko cha juu kinachoteleza, unatafuta balaa. Kwa hiyo soma pande zote mbili, maandishi kwenye mtutu na maandishi kwenye ganda. Yasipofanana, usinunue. Sanduku halitoshi kuwa ushahidi, maana masanduku hubadilishiwa vilivyomo.

Sasa nguvu zake, kwa hesabu za kukadiria kutoka mitutu mifupi.

9×19 ina kichwa cha gramu 7.5 hadi 9.5 na mwendo wa mita 300 hadi 350 kwa sekunde. Teke lake, yaani msukumo unaorudi mkononi, linavumilika kwenye bastola ya gramu 600 na kuendelea, magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) inabeba nyingi, na bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko kaliba nyingine kubwa. Ni ya tangu mwanzo wa karne ya 20, kazi ya Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, na ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi wengi duniani. Hata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ambayo baada ya mapambano ya Miami mwaka 1986 ilikimbilia risasi kubwa, 10 mm kisha .40, ilirudi kwenye 9×19 katikati ya miaka ya 2010. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: vichwa vya kisasa vilikuwa vimeziba pengo, na askari walilenga vizuri zaidi kwa teke dogo.

.380, ile tisa fupi ya mwaka 1908, ina kichwa cha gramu 6 hivi na mwendo wa mita 290. Nishati yake ni kama nusu na kidogo ya 9×19. Inatosha kwa mtu ambaye mkono wake hauwezi zaidi, ila isichaguliwe kwa sababu tu bastola yake ni ndogo na inapendeza.

7.65, yaani .32 ACP ya mwaka 1899, bado ipo kwenye bastola nyingi za zamani zilizorithiwa. Ni laini, haichoshi mkono, lakini ni dhaifu, na risasi zake hupatikana kwa kubahatisha. Kama umerithi moja kihalali, itunze. Kama unanunua mpya, ipite.

.22 na 6.35 zimeingia kwenye mazungumzo kwa sababu bastola zake hupotea kiganjani. Kasoro ya .22 inazidi udogo wa kichwa. Fataki yake imemwagwa kwenye ukingo wa kitako badala ya kukaa katikati, na palipo na upungufu kwenye ukingo huo pini inagonga bila mlipuko. Ni nzuri kwa mazoezi. Usiitegemee maisha.

.38 Special ni risasi ya rivolva, ya mwaka 1898, kichwa cha gramu 10.2 na mwendo wa mita 230 hivi kutoka mtutu mfupi. Tutairudia kwenye mkono. .357 Magnum inaingia kwenye rivolva zilizotengenezwa kwa ajili yake tu, na kutoka mtutu wa sentimita 5 ni moto, kelele na teke ambavyo wengi hawarudii mara ya pili kwa hiari. .45 haina ubaya wowote isipokuwa unene, uzito, bei na uhaba, na hivyo vinne kwa Kigoma vinatosha kuikataa.

Aina ya kichwa ni jambo jingine. Kuna kichwa kilichofunikwa shaba chote, na kuna chenye tundu puani ambacho hutanuka kikiingia. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni jeli maalumu: kichwa kizuri cha kujilinda hupenya kati ya sentimita 30 na 45, kikasimama. Kilichofunikwa chote cha 9×19 hupita hata sentimita 60. Maana yake ni kwamba kinaweza kumpita uliyemlenga na kumfikia usiyemjua. Fikiria nyumba zetu: ua wa mabati, mlango wa mbao, dirisha la wavu, jirani yuko hatua nne. Mabati na mbao havizuii risasi ya bastola. Kama chenye tundu kinapatikana kwa njia halali, ndicho cha kubeba, na kilichofunikwa chote kiwe cha mazoezi. Kama hakipatikani, basi kazi ya kujua kilicho nyuma ya shabaha yako inakuwa nzito mara mbili.

Kwa msomaji aliyechoka: chukua 9×19, isipokuwa hatua inayofuata ikikukatalia.

Hatua ya 3: Mkono na ukubwa

Mwombe muuzaji akuoneshe bastola tupu. Yeye aifungue, na wewe uifungue tena mbele yake: toa magazini kwanza, vuta slaidi mpaka nyuma na uifunge hapo, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Mpangilio huo usibadilike. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na kupandisha nyingine palepale, kisha anaamini bastola ni tupu. Ajali nyingi za "sikujua ina risasi" zimezaliwa hapo.

Ikishathibitika tupu, elekeza mtutu ukutani pasipo mtu, upime manne.

Kwanza mpini. Ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa, chini ya slaidi, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono. Vidole vitatu vyote vishike. Kama kidole kidogo kinaning'inia hewani, bastola itayumba kila ikipiga. Tafuta magazini yenye mdomo wa kushikia au mpini mrefu zaidi.

Pili triga, au kifyatulio kwa kitabu. Katikati ya pedi ya ncha ya kidole ifike juu ya triga bila kuupinda mkono. Ukigusa kwa ncha tu, mpini ni mnene kwako. Ukigusa kwa kifundo, ni mwembamba. Kisha koki, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na shabaha ya mbele (alama ya kulengea), na ufyatue taratibu. Sarafu isidondoke. Ikidondoka mara saba kati ya kumi, triga hiyo ni nzito kwako au mpini haukutoshi. Triga ya Glock, moja ya bastola maarufu, inahitaji kama kilo 2.5. Bastola ya nyundo inayojikoki kwa triga yenyewe hufika kilo 4.5 hadi 5.5 kwenye mvuto wa kwanza.

Tatu slaidi. Usiivute kwa ncha za vidole kama anayefungua chupa. Ishike kwa kiganja kizima juu, bastola karibu na kifua huku mtutu ukitazama mbele, kisha sukuma mpini kwa mkono wenye nguvu na uvute slaidi kwa mwingine kwa wakati mmoja. Fanya mara tano mfululizo. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: bastola ndogo mara nyingi ni ngumu zaidi kuvuta kuliko kubwa, kwa sababu slaidi nyepesi inahitaji springi kali. Walther PPK ya .380 ni ndogo na nzuri machoni, lakini mtutu wake hauna kufuli. Uzito wa slaidi na springi peke yake ndivyo vinavyoishikilia nguvu ya risasi. Matokeo yake ni slaidi ngumu na teke kali kuliko Glock 19 yenye risasi kubwa zaidi. Usimnunulie mama mtu mzima "kabastola kadogo" ukidhani umemrahisishia.

Nne shabaha. Inyanyue kutoka usawa wa kiuno huku umefumba macho, kisha fumbua. Alama ya mbele iwe imekaa, au karibu kukaa, kwenye mfereji wa nyuma. Ikiwa kila mara inatazama dari au sakafu, pembe ya mpini haiendani nawe.

Sasa ukubwa kwa mifano. Kubwa za kikazi kama CZ 75 au Beretta 92 zina uzito wa karibu kilo moja zikiwa tupu. Ni tamu kupiga na mateso kubeba chini ya shati la mikono mifupi. Za kati kama Glock 19 zina mtutu wa milimita 102 na risasi 15, na zikijazwa hufika karibu gramu 850. Hizi ndizo zinazowafaa wanaume wengi wenye mkanda imara. Nyembamba kama Glock 43 hubeba 6, na SIG P365 hubeba 10 kwa mtutu wa milimita 79. Zinapotea chini ya nguo, ila teke linauma na makosa ya mkono yanaonekana haraka. Kwa mtu mwembamba anayevaa nguo nyepesi, kati ya bastola nyembamba na Glock 19, nyembamba itashinda, kwa sababu ndiyo atakayokuwa nayo siku ya tukio. Lakini asiyetaka kufanya mazoezi asichukue ndogo kabisa; bastola ndogo inadai mazoezi zaidi, si machache.

Rivolva ndogo ya risasi 5 ya .38, kama zile fupi za Smith & Wesson, ina sifa mbili: haina slaidi ya kuvuta, na risasi isipolipuka unavuta tena triga na inayofuata inakuja. Kwa mtu mwenye vidole vya baridi yabisi ni jibu la heshima. Ila triga yake ni nzito, risasi ni tano tu, na unene wa ule mduara unaonekana nje ya nguo kuliko watu wanavyotarajia.

Bastola iliyotumika si mbaya. Kagua ndani ya mtutu kwa tochi: mashimo ya kutu, au pete ya giza inayozunguka mahali pamoja ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa juu yake. Hiyo iache. Bastola za zamani, hasa za 7.65, nyingi hazina kizuizi cha pini ndani. Zikidondoka na risasi ikiwa chemba zinaweza kulipuka. Rivolva za zamani nazo ni hivyohivyo: huachwa tundu moja tupu chini ya nyundo.

Hatua ya 4: Ala, mkanda na shati

Bajeti ya ala, yaani holsta, itengwe pamoja na bastola. Watu hununua silaha kwa mamilioni, kisha wanaichomeka kwenye suruali kama kitana. Bastola isiyo na ala huteleza, mtu anaidaka ikianguka, na kidole kinachodaka kinaingia kwenye triga.

Ala inayofaa ina mambo manne: imeziba triga yote pande mbili, haibonyei mdomo ukitoa bastola, inaishika hata ukiinama, na inabana mkanda kwa klipu imara. Ile ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako ndiyo bora kwa jasho letu. Ngozi ni nzuri na haichubui, lakini inanyonya jasho na ikilainika mdomo unakunjika kuelekea triga. Za kitambaa za bei ndogo zinazosemwa "zinaingia bastola zote" hazishiki yoyote.

Mkanda uwe wa upana wa milimita 38 hadi 40, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Ukiushika wima usijikunje kwa urahisi. Nusu ya malalamiko ya "bastola nzito" ni mkanda mlegevu.

Mahali pa kukaa: nyuma kidogo ya nyonga ya mkono wako wenye nguvu, ndani ya suruali. Miongozo ya kigeni hupaita "saa 4", wakimaanisha namba 4 kwenye uso wa saa ya ukutani, ambayo kwetu ni saa kumi. Wapo walioipeleka bastola mbele upande wa kushoto kwa kuhesabu saa za Kiswahili. Mgongoni katikati usiweke: ukianguka na bodaboda, chuma kinakutana na uti wa mgongo. Mbele tumboni ni haraka kuchomoa, lakini mtutu unatazama paja na mshipa mkubwa wa damu. Anayeanza apaache.

Shati liwe pana namba moja zaidi, la maua, kitenge au mistari. Nyeupe nyepesi inachora umbo lote ikilowa jasho. Suruali iongezwe kiuno namba moja. Jipime mbele ya kioo ukinyoosha mkono kuchukua kitu rafu ya juu, kisha ukiinama kufunga kamba ya kiatu, kisha ukipanda bodaboda, maana upepo wa barabarani unapandisha shati mgongoni bila wewe kujua.

Kanzu inaificha vizuri mno. Kuifikia ndiyo taabu. Na kwenye rukuu na sijida inajitokeza, kwa hiyo ukienda msikitini iache kwenye sefu. Kanisani vivyo hivyo. Mwanamke anayevaa gauni la kitenge bila mkanda atumie mkanda mpana wa tumbo wenye mpira, ila ule tu ulio na bamba gumu linaloziba triga. Mkoba wa begani ni chaguo la mwisho, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa. Ukiutumia, bastola iwe na mfuko wake peke yake, ndani ya ala. Funguo zikilala pamoja na triga, shimo litatokea kwenye mkoba au mguuni.

Hatua ya 5: Ipige kabla ya kuiamini

Fanya hivi kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa na chini ya mkufunzi, si shambani nyuma ya mihogo. Miongozo ya Marekani hutaka risasi 200 kabla ya kuibeba. Kwa bei na upatikanaji wa huku, usishuke chini ya 50 za mazoezi na 20 za zile utakazobeba, ukizigawa kwenye magazini zako zote na kuziwekea namba kwa kalamu ya rangi. Hamsini na ishirini hizo zipite bila kukwama hata mara moja. Ikikwama, andika ni magazini namba ngapi na imekwamaje.

Ganda likisimama wima kwenye tundu la kutokea, mara nyingi kifundo cha mkono kililegea, kaza, rudia. Risasi ikigonga chini ya mtutu bila kupanda, shuku magazini kabla ya bastola. Pini ikigonga na risasi isilipuke, subiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha ndipo uitoe. Na ukisikia mlipuko mdogo usio wa kawaida, mlio kama "puf", simama hapo hapo: kichwa huenda kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua.

Umbali wa kujipima ni mita 3, 5 na 7. Risasi tano kwenye karatasi ya A4 kwa mita 7, bila haraka, ndiyo alama ya kuanzia. Anayezitawanya nje ya A4 bado hajafikia kubeba, hata leseni iwe mfukoni. Na haki ya kuitumia ina mpaka wake: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kutumia nguvu inayolingana na hatari iliyopo, si hasira. Mwizi anayekimbia amekupa mgongo si hatari. Bia mbili pia zinaifunga bastola kwenye sefu, bila mjadala.

Hatua ya 6: Kubeba, kuvua, kufuta

Risasi iwe chemba au isiwe? Kwa bastola ya kisasa yenye kizuizi cha pini na ala inayoziba triga, ni salama kwa aliyefundishwa. Kwa anayeanza, miezi mitatu ya kwanza abebe chemba tupu na kuzoea ala, akijua kwamba kuikoki kutahitaji mikono yote miwili. Ile ya zamani isiyo na kizuizi ibebwe chemba tupu siku zote.

Kurudisha kwenye ala ndiko kunakojeruhi kuliko kuchomoa. Kidole nje, shati livutwe pembeni kwa mkono wa pili, tazama mdomo wa ala, ingiza polepole. Ncha ya shati au kamba ya koti ikiingia na triga, kusukuma kwako ndiko kutakakofyatua.

Nyumbani tenga ndoo ya rangi ya lita 20, uijaze mchanga mkavu mpaka karibu na mdomo. Kila unapopakia au kupakua, mtutu uelekee katikati ya mchanga huo. Bahati mbaya ikitokea, risasi inaishia humo. Kisha sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, funguo mwilini mwako. Droo ya kitanda, juu ya kabati na gari havihesabiki, hasa panapokaa watoto.

Ile risasi inayopanda na kushuka chemba kila siku itazame kwa karibu. Iweke mezani wima kando ya nyingine kutoka kwenye sanduku hilohilo. Kila slaidi inapoisukuma, pua yake hugonga mlango wa chemba, na kichwa huzama kidogo ndani ya ganda. Ukiona ni fupi kwa unene wa ukucha tu, itenge na uirudishe kwa muuzaji au polisi. Baruti iliyobanwa hivyo hutoa shinikizo kubwa kuliko bastola ilivyojengewa. Zungusha risasi za juu, na seti nzima uzipige mazoezini kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ganda lenye ukungu wa kijani lisiingie chemba.

Kutu ndiyo adui wa kila siku. Maji ya Tanganyika si ya chumvi. Chumvi inatoka mwilini mwako, na kwa wa Uvinza inatoka hewani kwenye mashine za chumvi. Kila jioni futa slaidi, shabaha na skrubu kwa kitambaa kikavu, kisha kingine chenye matone mawili ya mafuta ya silaha, hasa upande unaogusa ngozi. Mara moja kwa wiki ifungue, piga brashi mtutuni, weka tone moja kwenye kila reli ya slaidi. Likizidi hilo, vumbi jekundu la Kasulu litalifanya tope. Risasi zenyewe usizipake mafuta wala kuzinyunyizia dawa ya kutu, maana hupenya taratibu pembeni mwa fataki na kuiua. Kilichobaki kwenye kitambaa kikiwa na rangi ya kahawia leo, kesho ongeza mara moja asubuhi.